Mashirika ya misaada yapeane taarifa kabla ya maafa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie namna mashirika ya misaada yanavyotumia intaneti maafa yanapotokea. Mengi yanaitumia kwa bidii kuchangisha fedha na kuonyesha picha za kazi zao, lakini ile kazi ngumu zaidi ya kuambizana nani yuko wapi, anagawa nini na kimebaki kiasi gani, bado hufanywa shingo upande.

Kwamba jambo hili linawezekana, hilo halina ubishi. Baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Haiti tarehe 12 Januari 2010, ramani za mji wa Port-au-Prince zilizokuwapo mtandaoni zilikuwa na mapengo makubwa. Watu waliojitolea kutoka nchi nyingi, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga Haiti, walizitazama picha za setilaiti na kuchora barabara, majengo yaliyoporomoka na kambi za waliopoteza makazi katika ramani huria ya OpenStreetMap, na haukupita muda mrefu waokoaji wakaanza kuitegemea. Wakati huohuo Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ilitumika kuonyesha kwenye ramani mahali palipohitaji msaada, huku Wahaiti waishio ughaibuni wakitafsiri kutoka Kikrioli ujumbe mfupi ambao wananchi walituma bila malipo kwa namba 4636. Mtu aliyekuwa na simu ya mkononi tu aliweza kusema mwenyewe alichohitaji, na hilo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote.

Tatizo huanza pale kila shirika linapokuja na orodha yake. Chukua kijiji kimoja kilichozingirwa na mafuriko: shirika la kwanza limeandika jina la kijiji hicho kwa tahajia moja, la pili kwa tahajia nyingine, la tatu limetumia jina la zamani. Kompyuta inahesabu vijiji vitatu, mablanketi yanapelekwa mara tatu mahali pamoja, na kijiji cha jirani, ambacho hakimo katika orodha yoyote, kinalala bila kitu. Dawa yake inajulikana, nayo ni kukipa kila kijiji namba ya utambulisho inayotumiwa na wote, kama Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu inavyohimiza. Namba hizo, pamoja na jedwali la pamoja la nani anafanya nini na wapi, haziwezi kubuniwa siku ambayo maji yameshaingia majumbani; hutengenezwa wakati wa utulivu, na lazima awepo mtu mwenye jukumu hilo na anayelipwa kwa kazi hiyo. Fomu nazo ziwe zile zinazojazwa kwenye simu bila mtandao na kutumwa baadaye, maana minara ya simu na umeme huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuharibika.

Kupeana taarifa hakumaanishi kuanika kila kitu. Mwezi Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwamo waliotenganishwa na familia zao kwa vita na maafa. Idadi ya mahema, visima na dawa itangazwe kwa wote. Majina ya wanaopokea msaada, namba zao za simu na mahali walipojihifadhi yabaki kwa wachache wanaoyahitaji kikazi.

Naziomba serikali na wafadhili walifanye hili kuwa sharti la fedha wanazotoa. Shirika linaloomba mchango lionyeshe jedwali lake, lieleze lilifanyiwa marekebisho lini, na litaje ni mashirika gani mengine yanaweza kulisoma leo hii.

Msomaji wako