Kwa nini parseli yako ya dola mia sasa ina bili ya forodha, na amri za rais zinahusikaje

Wateja wetu wapendwa, tangu mwisho wa Agosti 2025 swali tunaloulizwa sisi mawakala wenu wa mizigo kuliko yote ni hili: mbona zamani nilikuwa naagiza nguo Dar au Nairobi zinafika mlangoni kwangu hapa Marekani bila kulipa hata senti ya forodha, saivi mnanitumia bili? Wengine wanauliza kwa upole, wengine kwa hasira, na hiyo hasira tunaielewa kabisa maana hela ni yako na hakuna aliyekuuliza kabla ya kubadilisha. Tumeona tuandike yote hapa, hali ilivyokuwa Novemba 2025, kwa sababu kwenye magrupu ya WhatsApp kuna maneno mengi mno na mengine yanawatia watu hasara.

Zamani ilikuwaje? Sheria ya Ushuru ya Marekani ya mwaka 1930 ina kifungu cha 321, ndicho kilichokuwa kinaruhusu mzigo mdogo uingie bila ushuru na bila makaratasi mengi. Kiwango kilikuwa dola 200 kwa mtu mmoja kwa siku, mwaka 2016 kikapandishwa hadi dola 800. Kwa hiyo magauni yako mawili, vikapu, sijui viatu vya ngozi na shanga, vyote vilikuwa vinapita humo. Na hukuwa peke yako, mwaka wa fedha wa 2024 zilipita parseli zaidi ya bilioni 1.3 kwa njia hiyo hiyo, nyingi zikitoka China, kwa maduka ya mtandaoni kama Shein na Temu na wenzao.

Tarehe 30 Julai 2025 Rais Trump akasaini amri ya kusimamisha msamaha huo kwa nchi zote, kuanzia tarehe 29 Agosti. China na Hong Kong walishaondolewa mapema, tarehe 2 Mei. Yaani kuanzia hiyo tarehe 29 mzigo wowote, hata wa dola 40, unatakiwa kutangazwa forodha na kulipiwa. Kilichobaki ni zawadi ya kweli isiyozidi dola 100, mtu kamtumia mtu, siyo biashara. Hapa tunaomba tueleweke jamani, oda uliyolipia kwa fundi haigeuki zawadi kwa kuandikwa zawadi, huko ni kutoa tamko la uongo forodha na sisi hatutaandika hata ukituomba vipi, kwa sababu mzigo ukikamatwa unapotea wote na jina lako linabaki kwao.

Posta nazo ziliyumba. Umoja wa Posta Duniani ulitangaza kwamba siku ile ya tarehe 29 vifurushi vya posta kuja Marekani vilishuka kwa asilimia 81 ukilinganisha na wiki moja nyuma, na mashirika ya posta 88 yakasimamisha huduma, mengine yote mengine sehemu, kwa sababu hayakuwa na namna ya kukusanya huo ushuru. Ndo maana kuna wakati ndugu zenu walikuwa wanaambiwa dirishani "Marekani hatupokei" na hakuna aliyewapa maelezo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa zaidi. Ushuru haufuati mzigo ulikopakiwa, unafuata bidhaa ilikotengenezwa. Chukua mfano wa khanga. Umenunua doti zako Kariakoo za dola 120, umepakia Dar, risiti ya Dar, kila kitu Dar. Kama zimechapwa Tanzania, ule ushuru mpya ambao rais aliziwekea nchi nyingi mwaka 2025 ulikuwa asilimia 10, yaani dola 12. Lakini geuza khanga uangalie pindo, au muulize muuzaji, nyingi zinachapwa India, na bidhaa za India tangu tarehe 27 Agosti 2025 zilikuwa zinabeba asilimia 50, hapo ilikuwa dola 60 kwa doti zile zile! Vitenge vingi navyo vinatoka China, na China ndiyo ilipanda na kushuka kuliko wote mwaka 2025, Aprili ushuru mpya ulifika asilimia 145, Mei ukashuka hadi 30, tarehe 10 Novemba ukashuka tena hadi 20. Halafu juu ya hizo zote kuna ule ushuru wa kawaida wa nguo za pamba uliokuwepo miaka yote, wewe ulikuwa huuoni tu kwa sababu ulikuwa chini ya dola 800. Kenya ilikuwa asilimia 10 kama Tanzania, Uganda ilianza na 10 Agosti ikapandishwa 15, Kongo Kinshasa 15. Na AGOA, ule mpango wa mwaka 2000 uliokuwa unaruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia bila ushuru wa kawaida, muda wake uliisha tarehe 30 Septemba 2025.

Kwa hiyo tukikuuliza "hiki kitambaa kimetengenezwa wapi, pamba asilimia ngapi", siyo umbea. Jibu lako ndo linaamua unalipa kiasi gani.

Kahawa na chai zilipata habari njema kidogo. Tarehe 14 Novemba 2025 rais alisaini amri nyingine ikaondoa kahawa, chai, ndizi, viungo na vyakula kadhaa kwenye ule ushuru wa asilimia 10 na kuendelea. Vitabu na machapisho navyo havikuguswa tangu mwanzo kwa sababu sheria yenyewe iliyotumika kuweka ushuru huo inavikinga. Kwa hiyo kahawa ya Kilimanjaro iliyoagizwa mwezi ule haikuwa na ile asilimia 10, ingawa kutangazwa forodha ni lazima, na chakula kina taratibu zake nyingine za FDA, idara ya chakula na dawa ya Marekani.

Wateja wengi wanatuuliza pia tuna msimamo gani, kwa sababu wapo wanaounga mkono hii serikali na wapo wanaoipinga, na wote ni wateja wetu. Tutasema tunachokiona kutoka kwenye kazi yetu.

Hoja za serikali siyo za kutupwa. Wanasema parseli ndogo zilikuwa njia ya kupitisha fentanyl, dawa kali ya kulevya, wanasema makampuni makubwa ya nje yalikuwa yanauza mabilioni bila kulipa ushuru wakati fundi nguo wa hapa anayeagiza kitambaa kwa kontena analipa kila kitu. Hiyo ya pili ni kweli na tunaiona, mwenye duka hapa Texas anayeleta mzigo mkubwa alikuwa analipa ushuru kamili, jirani yake anaagiza kipande kimoja kimoja mtandaoni halipi. Haikuwa haki. Hata Bunge lenyewe lililiona, kwenye ile sheria kubwa ya kodi iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 limefuta msamaha huu kabisa, lakini kuanzia tarehe 1 Julai 2027.

Hapo ndo penye hoja yetu. Bunge lilitoa miaka miwili kila mtu ajipange, wenye programu za malipo wabadilishe, posta wajifunze, sisi mawakala wadogo tupange bei, na wewe ujue kabisa harusi ya 2027 vitambaa vitakuwa bei gani. Amri ya rais ikaja siku 26 baadaye ikatoa siku 30! Jambo ni lile lile, msamaha ni ule ule, tofauti ni muda tu, na huo muda ndo biashara ndogo inaishi ndani yake. Kampuni kubwa ina wanasheria na maghala, ilijaza bidhaa kabla ya tarehe. Mtu mwenye oda za watu kumi zikiwa hewani au zimekwama Addis Ababa zikisubiri ndege ya kuunganisha, yeye alipewa bei moja akipakia na nyingine akifika, na ile tofauti lazima mtu ailipe. Ikumbukwe pia anayelipa ushuru ni mwagizaji aliyeko hapa Marekani, siyo nchi iliyouza, kwa hiyo ukisikia "tumewatoza India asilimia 50" aliyetozwa kwanza ni wewe uliyeagiza zile doti.

Na hili la kulegeza masharti nalo tunaulizwa sana, watu wanasema si serikali hii imesema inapunguza kanuni kwa wafanyabiashara? Ni kweli, tarehe 31 Januari 2025 ilitoka amri inayosema kila kanuni moja mpya itakayoletwa, kumi za zamani zitafutwe. Awamu ya kwanza ya Trump, mwaka 2017, ilikuwa mbili kwa moja. Lakini soma amri yenyewe, mambo ya usalama wa taifa, usalama wa ndani, mambo ya nje na uhamiaji yametolewa humo, na forodha iko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Sisi kwenye dawati letu makaratasi yameongezeka: parseli ya dola 35 inahitaji namba ya aina ya bidhaa yenye tarakimu 10, nchi ya asili, kitambaa cha nini, thamani, jina la mwagizaji. Kikapu kimoja cha mkonge chenye mikono ya ngozi tunaweza kukaa nacho muda mrefu tukibishana na mfumo kama ni bidhaa ya majani au ya ngozi, na jibu linabadilisha ushuru.

Kuna kitu kingine watu hawakioni. Kufuta kanuni ya zamani Marekani kunachukua muda, kwa kawaida idara inatakiwa kutangaza pendekezo, kupokea maoni ya wananchi, kuyajibu, ndo ifute, sheria ya mwaka 1946 inataka hivyo. Lakini kuongeza ushuru kwa amri ya dharura hakukupitia hayo, ni saini na tarehe. Matokeo yake mzigo unaoahidiwa kuondolewa unakwenda polepole na unaoongezwa unafika haraka, na mwenye biashara ndogo anaishi katikati. Hadi Novemba 2025 amri zilikuwa zimeshapita 200 toka Januari, na zile za ushuru nyingine zinarekebisha amri zilizorekebisha amri. Tunazisoma kila zinapotoka kwa sababu ni wajibu wetu kwenu, ila siyo njia nzuri ya kutoza watu kodi. Katiba ya Marekani imewapa Bunge kazi ya kuweka ushuru, na tunaamini pale ndo mahali pake, awe rais wa chama hiki au kile, kwa sababu bungeni kuna mjadala na mfanyabiashara anaweza kupiga simu kwa mbunge wake kabla jambo halijapita.

Hilo swali la nani aweke ushuru lilifikishwa mahakamani mwaka 2025, na walioenda kushtaki ni biashara ndogo na za kati. Mmoja ni V.O.S. Selections wa New York, waagizaji wa mvinyo, mwingine Learning Resources wa Illinois, watu wa vifaa vya watoto vya kujifunzia. Serikali ilitumia sheria ya dharura za kiuchumi ya 1977 inayompa rais uwezo wa kudhibiti uagizaji, ikasema ushuru ni njia mojawapo ya kudhibiti. Wenye kesi walisema sheria hiyo haitaji ushuru popote na hakuna rais aliyewahi kuitumia hivyo kabla. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa iliwapa V.O.S. ushindi tarehe 28 Mei, mahakama ya rufaa ikakubaliana nao majaji 7 kwa 4, ajabu ni kwamba ilikuwa tarehe 29 Agosti, siku hiyo hiyo msamaha wa dola 800 ulipokufa. Ushuru ukaendelea kukusanywa wakati rufaa inasubiri. Mahakama ya Juu ilisikiliza pande zote tarehe 5 Novemba 2025, na tulipoandika haya mwezi ule hukumu ilikuwa bado.

"Serikali ikishindwa tutarudishiwa hela zetu?" Anayerudishiwa kisheria ni yule aliyeandikwa forodha kama mwagizaji. Kwa mizigo mingi hapo ni sisi, kwa mingine ni wewe mwenyewe. Tunachoahidi ni kwamba kila mzigo tuliolipia tunatunza namba yake ya forodha na kiasi kilicholipwa, na kikirudishwa chochote kinakwenda kwa mteja aliyekilipa, hatubaki nacho. Usitupe risiti zetu, na kama umehama tutumie anwani mpya.

Kuanzia sasa bili yetu ina mistari mitatu tofauti: usafiri, ambao ni bei yetu na haijapanda toka Januari, ushuru wa serikali kama ulivyo bila kuongezwa senti, na ada ya kutangaza mzigo forodha. Ushuru tunaukadiria siku ya kupakia, ukibadilika njiani tunakupigia kabla hatujalipa, ukitaka mzigo usiendelee unasema. Kwa wanaoagiza nguo za Krismasi, tutumieni picha ya lebo au pindo la kitambaa pamoja na risiti halisi kabla fundi hajaanza kukata, maana kitambaa kikishakatwa hakibadilishiki na tofauti ya ushuru utaijua mapema. Mnaochanganya oda za watu wanne kwenye boksi moja, andikeni jina la kila mwenye kitu na bei yake, forodha wakikuta boksi halina mchanganuo wanalizuia lote, la mwenye makosa na la asiye na makosa.