Msitie muhuri kwanza

Iringa, 9 Agosti

Mama Upendo, kamwene!

Natumaini hamjambo, na Mzee Kalinga mguu umepoa. Sisi wazima. Naandika mbio barua iwahi gari la Pawaga, maana Baba Zawadi kaniambia serikali ya kijiji inakaa Jumamosi kumpa mwekezaji wa kambi ya watalii ule ukingo wa Ruaha Mdogo. Dada yangu, nakuomba, msitie muhuri kwanza.

Ramani aliyowaletea huyo mwekezaji ilipimwa Machi, mto umejaa. Machi hakuna anayechimba maji mchangani, migono ya kambare haijategwa, ng'ombe wanakunywa kwenye madimbwi ya porini. Ndiyo maana karatasi inaonyesha ukingo mtupu. Watalii sasa, wanakuja Juni hadi Oktoba, kiangazi hichohicho ambacho kijiji kizima kinategemea mkondo mwembamba. Uzio utawabana hapo.

Pitieni ukingo wiki hii na wafugaji, wavuvi na akina mama wanaokata matete. Chomekeni vigingi penye kila shimo la mchangani, kila dimbwi la migono, kila njia ya ng'ombe, na ule mkuyu wa tambiko. Njia ya ng'ombe msikubali ya mita mbili: kundi likibanwa linabomoa kingo, halafu lawama anabeba mfugaji. Yote yaingie kwenye mkataba, na miezi yake.

Na bwawa la kuogelea! La mita 8 kwa 4, kina mita 1.5, linameza lita 48,000. Ni ndoo 2,400 za lita 20, kulijaza mara moja tu. Pampu ya kuvuta maji mtoni inahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Someni kinaruhusu lita ngapi kwa siku, na kiangazi zinapungua kiasi gani. Majengo ya kudumu yakae mita 60 kutoka mtoni, ndivyo Sheria ya Mazingira ya 2004 inavyosema.

Lakini narudi kwenye ramani. Bila ramani ya kiangazi, hayo mengine hamtakuwa na pa kuyashikia.

Mkutano mkuu wa kijiji umeshaitishwa? Halmashauri ya kijiji peke yake haiwezi kugawa ardhi. Hiyo ardhi inabaki ya kijiji, au inahamishiwa ardhi ya jumla, ile iliyo chini ya serikali kuu? Mkataba mmeusoma kwa Kiswahili? Vyoo vya kambi vitakuwa juu au chini ya mnapochota? Nijibu kwa dereva huyohuyo, na nakala ya ramani ukiipata.

Wako,
Sikujua