Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa: picha za Kalulu, Susi na Chuma zije Bagamoyo

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salamu. Nakuandikia kuhusu picha zilizopigwa Uingereza miaka zaidi ya 150 iliyopita.

Mwaka 1872 mwandishi wa habari na msafiri Henry Morton Stanley, akiwa ametoka kumwona mmisionari na msafiri David Livingstone huko Ujiji, alipigwa picha katika studio ya London Stereoscopic Company akiwa amevalia mavazi ya safari. Kando yake alisimamishwa Kalulu, mtoto ambaye Stanley alikabidhiwa na mfanyabiashara Mwarabu huko Unyanyembe, eneo la Tabora. Picha za aina hiyo zilichapwa kwenye karatasi nyembamba iliyopakwa ute wa yai, kisha zikabandikwa kwenye kadi ya kuenea kiganjani. Kamera za picha hizo zilikuwa na lenzi kadhaa na kioo kimoja cha kunasia picha kiliweza kutoa hata picha nane, hivyo bei ikashuka. Watu wakazinunua na kuzipanga kwenye albamu, malkia ukurasa huu, mjomba ukurasa unaofuata. Ndivyo sura za wavumbuzi zilivyoingia hata kwa wasiowahi kufungua vitabu vyao. Kalulu naye aliingia humo, lakini kama pambo la Stanley. Mwaka 1877 alikufa maji katika mto Kongo, angali kijana, kwenye msafara mwingine wa bwana huyo huyo.

Kinachoniuma zaidi ni habari ya Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone. Livingstone alipofariki Mei 1873, wao na wenzao waliukausha mwili wake juani, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Alipozikwa Westminster Abbey, 18 Aprili, kati ya waliokuwa kwenye msafara ule wa kuubeba mwili, aliyekuwapo ni Jacob Wainwright peke yake. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Huko walimsaidia Horace Waller, rafiki wa Livingstone, kuandaa shajara za marehemu, na wakapigwa picha pamoja naye.

Ombi langu: ofisi yako iziandikie taasisi za Uingereza zinazohifadhi picha hizi, iombe nakala nzuri, kubwa, za kutundikwa Bagamoyo mahali wanafunzi wanapopita. Maelezo yawe ya Kiswahili na yaanze na Kalulu, Susi, Chuma na Wainwright, wametoka wapi na walifanya nini. Stanley na Waller watajwe baada yao.

Wako katika kuenzi historia,
Mwananchi