Tusichanganye kiwango cha joto na tofauti ya joto

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kosa linaloweza kupotosha habari za hali ya hewa, nalo ni kuchanganya kiwango cha joto na tofauti ya joto. Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 unazitaka nchi zijitahidi ili ongezeko la joto duniani lisizidi digrii 1.5 za Selsiasi. Mtu akiitumia kanuni ya kawaida ya kubadilisha Selsiasi kuwa Farenhaiti, yaani kuzidisha kwa 1.8 kisha kujumlisha 32, atapata 34.7 za Farenhaiti, jibu lisilowezekana kabisa, kwa kuwa ile 32 huonyesha tu mahali maji yanapoganda katika kipimo cha Farenhaiti na haina kazi yoyote tunapolinganisha viwango viwili. Ongezeko sahihi ni 2.7.

Hata ndani ya Selsiasi pekee kuna mtego. Joto likipanda kutoka hasi 5 hadi 7, tofauti ni 12 wala si 2. Vilevile, digrii 20 si joto maradufu ya digrii 10, maana sifuri ya Selsiasi imewekwa kwenye kuganda kwa maji. Kwa kipimo cha Kelvin, kinachoanzia sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho inayowezekana, viwango hivyo ni takriban 293 na 283, na ongezeko halifiki hata asilimia 4.

Nawasihi waandishi wetu wabainishe kwanza kama namba waliyo nayo ni kiwango au ni ongezeko, ndipo waibadilishe.

Msomaji wako