Mtori si "ndizi tu"

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye hoteli na migahawa ya hapa Moshi, hasa ile inayoendeshwa na familia, kuhusu mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi na nyama.

Mwezi uliopita nilitembelewa na rafiki kutoka Zambia, afisa kilimo kama nilivyokuwa mimi kabla ya kustaafu. Nikampeleka mjini tule mchana. Akamsikia mtu wa meza ya jirani akiulizia mtori, naye akataka kujua ni kitu gani. Binti aliyetuhudumia akajibu, "Ni ndizi tu zimepondwa, ila umeisha tangu asubuhi. Kuna chipsi kuku." Tukala chipsi kuku. Jioni nilimpikia mgeni wangu mtori nyumbani, akashiba, lakini ile "tu" haijanitoka mpaka leo.

Haijanitoka kwa sababu mimi na huyu rafiki tulijuana Japani mwaka 2014, kwenye kozi ya kilimo cha mpunga huko Tsukuba. Jumapili moja ya Septemba mratibu wetu alitupeleka Tokyo. Tulishuka treni Akihabara, tukapanda nyingine, na kituo cha pili kilikuwa Ryogoku, mtaa wa wanamieleka wa sumo. Ukumbi wao mkubwa, Kokugikan, uliofunguliwa mwaka 1985, uko jirani kabisa na stesheni. Mashindano ya siku 15 yalikuwa yanaendelea, na bendera ndefu za rangi zilipepea mbele ya ukumbi.

Tulikula kwenye mgahawa wa chumba kimoja. Mwenyewe alikuwa mzee aliyewahi kucheza sumo, mkewe ndiye aliyetuhudumia, na kijana wao alikuwa jikoni. Ukutani kulikuwa na karatasi zenye alama za viganja vya wanamieleka, vimechovywa wino na kugandamizwa. Niliweka mkono wangu kando ya kimoja, ukawa kama wa mtoto wa chekechea.

Chakula chao kinaitwa chanko nabe. Nabe ni chungu, na chanko ni kile wanachokula wanamieleka kambini. Yule mama aliweka chungu juu ya jiko dogo la gesi katikati ya meza yetu, akaanza kutueleza huku mratibu akitafsiri. Vijana wa sumo hufanya mazoezi tangu alfajiri bila kutia kitu tumboni, mpaka inapokaribia saa tano au saa sita ndipo wanakula. Wanaopika ni wao wenyewe kwa zamu. Wakubwa hula kwanza, wadogo wamesimama nyuma wakiwahudumia, kisha nao wanakula kilichobaki, halafu wote wanalala. Mumewe alijifunza kupika huko kambini, akiwa miongoni mwa hao wadogo.

Nikauliza kwa nini kuku na si ng'ombe. Akasimama wima katikati ya chumba kutuonyesha. Kuku husimama kwa miguu miwili, kama mwanamieleka anavyotakiwa kusimama. Mnyama wa miguu minne ni kama mtu aliyeweka mikono chini, na katika sumo ukigusa ulingo kwa sehemu yoyote isipokuwa nyayo umeshindwa. Ndiyo maana kuku ana heshima yake kwenye chungu hicho, hasa siku za mashindano, ingawa nyama nyingine na samaki navyo huliwa.

Hakuturuhusu kugusa chungu. Alitanguliza figili nyeupe, nene kama muhogo, pamoja na karoti, kisha vipira vya kuku wa kusaga, akiengua povu kila lilipopanda. Kabichi ya Kichina, uyoga na tofu, yaani vipande laini vya maziwa ya soya yaliyogandishwa, vilifuata, na vitunguu majani vikaingia mwisho kabisa. Tulipodhani tumemaliza, alimwaga wali kwenye mchuzi uliobaki, akapasulia mayai, akafunika kidogo. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, na nakiri sijawahi kuona wali ukipewa nafasi nzuri kama ile, kunywa utamu wote wa chungu.

Sasa, ndugu zangu, mtori una upungufu gani? Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza kule Kibosho, mama mkwe hakuniacha nishike jembe wala ndoo kwa miezi mitatu. Kila siku alichagua mwenyewe ndizi mbichi za aina ya mshare, akachemsha nyama yenye mifupa mpaka ikaachia, akaviponda pamoja na kulainisha kwa maziwa. Alikaa kitandani pangu mpaka nimalize bakuli. Chanko ni chakula cha mwanamieleka, na mtori ni chakula cha mzazi, wa kumrudishia nguvu na kumletea mtoto maziwa. Huyo binti aliyetuhudumia, nina hakika kwao kuna bibi aliyepika mtori wa namna hiyo. Simlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ni maneno ya kumweleza mteja.

Wageni wanaokuja kupanda Mlima Kilimanjaro wanalala hapa mjini siku mbili tatu, nao wanakula. Ninachoomba hakihitaji mtaji. Mtori usiwe wa asubuhi peke yake, upikwe na wa mchana. Uletwe mezani ndani ya chungu watu wajipakulie, si kwenye bakuli la plastiki. Na kama mama au bibi wa familia yupo jikoni, atoke dakika tano aseme ni ndizi gani, kwa nini mshare, na alimpikia nani mara ya kwanza. Machalari nayo, zile ndizi zetu zinazopikwa na nyama bila kupondwa, ifanyiwe hivyo hivyo.

Mimi nina muda, na migomba ya mshare ninayo. Mwenye mgahawa anayetaka wahudumu wake wafundishwe kuupika na kuueleza, nitakuja siku yoyote isipokuwa Jumapili, bila malipo.

Afisa kilimo mstaafu,
Pasua, Moshi