Risala ya klabu ya mafundi kompresa kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi na wageni wote, karibuni sana, na asante mheshimiwa kwa kufika mwenyewe maana wengine hutuma mwakilishi na salamu.

Mwaka huu klabu yetu imesoma historia ya Atlas Copco, kampuni inayotengeneza kompresa, yaani mashine za kubana hewa. Kwa kifupi tu, muda hautoshi: ilianza 1873 kule Stockholm, Uswidi, ikitengeneza vifaa vya reli, kompresa zikaja baadaye mwanzoni mwa miaka ya 1900, 1917 ikaungana na kampuni ya injini za dizeli ikawa Atlas Diesel, 1948 biashara ya dizeli ikauzwa wakabaki na hewa, halafu 1956 ndo wakachukua jina la sasa, maana kujiita Diesel huku dizeli huna ni vichekesho.

Mafanikio ni mengi mno. Tumechora ukutani kompresa ya skrubu, rota zote mbili, yaani vile vyuma vya skrubu vinavyozunguka, zinaonekana jinsi zinavyoumana na kuibana hewa, na wageni wengi wameusifu mchoro huo. Pia tumefungua na kufunga pistoni ya kompresa yetu mara kumi na moja, ingawa mara tisa hatukuwa na hiari.

Sasa mheshimiwa, tatizo letu ni hiyo kompresa yenyewe. Wenzetu Uswidi waliacha dizeli wakashika hewa, na sisi tumeshika hewa ila hewa haipo! Hewa ikibanwa inapata moto, ikipoa inaacha maji kwenye tangi, na sisi draya ya kukausha hewa hatuna, kwa hiyo maji yanaingia kwenye mipira ya kupitishia hewa, ukipiga rangi inatoka na malengelenge. Tangi linaliwa kutu kwa ndani, nje tumelipaka rangi kwa heshima yako. Valvu ya usalama inavuja na geji ya kupima presha imeganda kwenye baa 7 hata mashine ikiwa imezimwa, wanafunzi wapya wanadhani ndo kawaida.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, tunamshukuru sana, aliahidi kompresa ya skrubu ndani ya mwezi mmoja, tukapiga makofi, tukampa zawadi, tukasafisha kona ya kuiweka. Hiyo kona tunaifagia kila Ijumaa. Wa mwaka jana naye hakutuangusha, aliahidi kumkumbusha wa mwaka juzi.

Kwa hiyo kwa unyenyekevu mkubwa tunaomba kompresa moja ya skrubu, draya yake, na tangi lililopimwa likapita. Kama vyote havitawezekana kwa pamoja basi tangi lije kwanza, skrubu tutaendelea kuiangalia ukutani. Tungeshukuru pia ukitaja tarehe leo, katibu ana kalamu mkononi.

Tunaomba kuwasilisha. Baada ya hapa fundi atawasha mashine uione inavyofanya kazi, na kiti chako tumeshakisogeza mbali na tangi.