Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Arizona: zile siku 8 za mfanyakazi

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

Hatukuandikii kupinga jimbo kukagua waajiri. Sheria ya shirikisho ya 1986 ilizuia majimbo kuwaadhibu waajiri wanaoajiri wasio na kibali cha kazi, isipokuwa kupitia leseni zao za biashara; Arizona ikapita mlango huohuo kwa sheria yake ya 2007, na Mei 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaikubali. Mwaka uliofuata mahakama hiyo ilibatilisha vifungu vitatu vya SB 1070, sheria ya Arizona ya uhamiaji ya 2010, kimojawapo kile kilichomfanya mhalifu mtu asiye na kibali kwa kutafuta kazi tu. Kilichobaki mikononi mwenu ni leseni ya biashara na E-Verify, mfumo wa mtandaoni wa serikali kuu wa kuhakiki haki ya mtu kufanya kazi, na hiyo E-Verify huwakwamisha hata wenye haki kamili ya kufanya kazi, wakiwemo wakimbizi wa Kongo na Burundi waliopokelewa hapa.

Mfumo ukiona jina, tarehe ya kuzaliwa au namba haviafikiani na kumbukumbu za serikali, hutoa jibu la muda la kutolingana. Mkongomani ana majina matatu. I-94, yaani hati ya kuingia nchini, ikiyapanga hivi na kadi ya hifadhi ya jamii (wenyewe twaiita sosho) ikiyapanga vile, basi amekwama. Aliyeolewa akabadili jina bila kuiarifu ofisi ya sosho naye hukwama. Mwenye jina moja ndiye mwenye taabu kuliko wote: hati za safari huweza kumwandika FNU (jina la kwanza halijulikani), ilhali I-9, fomu ya ajira ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, hutaka jina lake likae nafasi ya ukoo na pa kwanza paandikwe “Unknown”. Karani akinakili FNU kama ilivyo, mambo huharibika hapo.

Jibu hilo si hukumu. Mwajiri sharti amwite mhusika faraghani, ampe taarifa iliyochapwa, amuulize kama anapinga. Akipinga, kesi yake hupelekwa mbele, naye ana siku 8 za kazi za serikali kuu kwenda ofisi ya sosho au kuwasiliana na Wizara ya Usalama wa Ndani. Kabla kesi haijafungwa, ni marufuku kumfukuza au kumpunguzia saa kwa sababu hiyo. Mwajiri akikaa kimya, siku 8 hizo hazina maana, kwa kuwa mfanyakazi hatajua kwamba kuna kesi.

Vilevile, mkimbizi mwenye I-94 pekee aruhusiwe kuanza kazi. Hati hiyo humtosha siku 90. Baadaye ataleta kibali cha kazi, au kitambulisho chenye picha pamoja na sosho isiyo na masharti. Kuchagua ni kwake. Na kama namba ya sosho bado haijatoka, mwajiri husubiri kufungua kesi huku mtu akiendelea na kazi.

Sheria yenu ya 2007 humpa mwajiri aliyetumia E-Verify dhana ya awali, inayoweza kupingwa kwa ushahidi, kwamba hakuajiri kinyume cha sheria kwa kujua. Mfanyakazi aliyeponzwa na mpangilio wa majina haimpi kitu. Ofisi yako huchapisha orodha ya waajiri waliojiandikisha. Tunaomba ukurasa huo ueleze hatua hizi, kwa Kiswahili pia, na useme kwamba anayebaguliwa kwa hati zake ana siku 180 kulalamika kitengo cha haki za wahamiaji na wafanyakazi cha Wizara ya Sheria ya shirikisho. Pia waajiri wakumbushwe kwa maandishi kwamba taarifa ya kutolingana hukabidhiwa mfanyakazi mwenyewe.

Wako katika kazi,
Wasaidizi wa kujaza fomu za ajira, wazungumzao Kiswahili, Arizona